SOMO: SUFURIA YA RISASI NYUMBANI



Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: madini mazito ya rangi ya kijivu, na kile kinachotoka katika mdomo wa bunduki. Mara nyingine vyote viwili hukutana nyumbani. Mtu anavunja batri ya zamani ya gari, anachanganya risasi yake na mabaki mengine, anayeyusha juu ya makaa na kumimina. Mwindaji anatafuta risasi za bunduki yake, mvuvi vizito vya wavu wake.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na moto wa jikoni unafika hapo bila shida. Tone moja la maji likiingia, linageuka mvuke ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni. Lakini kuungua kunaonekana. Kibaya zaidi hakionekani.

Wengi wanaogopa moshi, na wana haki. Ila kinachobaki baada ya moshi ni vumbi, pamoja na uchafu unaokwanguliwa juu ya risasi iliyoyeyuka na kutupwa pale pale mlangoni. Hauozi. Mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Kwa mama, risasi hukaa ndani ya mifupa miaka mingi, na akipata mimba inamfikia mtoto tumboni.

Mfano ni Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal. Watu maskini huko walichekecha mchanga uliojaa mabaki ya batri ili wauze risasi, na mifuko mingine ikaingia hata nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hapakuwa na vita. Wazazi walikuwa wanatafuta chakula tu, kama sisi.

Dalili zinadanganya: tumbo kuuma, kukosa choo, kupungukiwa damu, mtoto kuwa mzito wa kujifunza, mwishoni degedege. Ni rahisi kusema ni malaria. Kwa hiyo mzazi akifika kituo cha afya aseme wazi: nyumbani kwetu tunayeyusha risasi. Kipimo cha damu kinaonyesha ukweli. Dawa ipo, lakini mtoto akirudi kwenye udongo ule ule, anaanza upya. Maziwa hayaitoi sumu hiyo, ingawa watu husema hivyo. Sombe, maharagi na ndagala husaidia mwili usiinyonye sana, basi.

Sasa viongozi. Kuna jambo la pili, la usalama. Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017, unahusu bunduki ndogo katika Afrika ya Kati, pamoja na risasi zake na vipande vya kuzitengeneza. Na kambi ni mahali pa raia. Sufuria moja inaweza kuwafanya majirani waishi kwa mashaka: huyu anamtengenezea nani?

Hata hivyo, msianze kwa kumtangaza mtu mbele ya baraza. Akiaibishwa atahamia ndani ya hema na kufunga mlango, na watoto watavuta zaidi. Mwendeeni wawili au watatu, pamoja na mzee anayemheshimu, na mwanzeni na afya ya watoto wake. Mvuvi anaweza kutumia mawe au udongo uliochomwa kama vizito. Kwa mwenye bunduki mazungumzo ni marefu zaidi, msiyaharakishe.

Sufuria ile isipikiwe tena kamwe, hata ikisuguliwa kwa majivu. Mahali palipofanyiwa kazi pasifagiliwe pakavu: pamwagiwe maji kwanza, moto ukiisha kupoa kabisa, na watoto wakae mbali. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kisha mwiteni muuguzi aone watoto wa nyumba hiyo na wa majirani, wote siku moja, ili asiwepo anayenyoshewa kidole.