Kuvu ya Paka Inapofika Machoni

Swali: Je, kuvu inayoambukizwa na paka huishia kwenye ngozi tu?

Jibu: La. Sporotrikosisi, maradhi ya kuvu yaliyoenea Rio de Janeiro, Brazil, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kawaida huanza na kidonda paka alipokwaruza, kisha vinundu hujipanga mkononi kufuata mishipa ya limfu, yaani mirija ipitishayo majimaji ya kinga. Hata hivyo, jicho laweza kuambukizwa pasipo mkwaruzo wowote, kwa matone ya chafya ya paka mgonjwa, likawa jekundu huku tezi za mbele ya sikio zikivimba. Na kwa wenye UKIMWI, kuvu yaweza kufikia utando wa ubongo, hali inayotisha kuliko zote. Dawa ya kuvu iitwayo itrakonazoli huponya wengi, ingawa humezwa kwa miezi kadhaa.