Kinachoua Jigso ni Joto

Anayenunua jigso, msumeno wa umeme wa mkononi, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Tanga huuliza wati kwanza. Si swali baya, ila halijibu anachotaka kujua. Wati za kwenye boksi ni umeme unaomezwa na mashine. Hazikuambii ni kiasi gani kinafika kwenye meno ya bledi na kiasi gani kinageuka joto ndani ya mota.

Tuanze na mota. Rota, sehemu yake inayozunguka, ina nyaya za shaba zinazopata umeme kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana nayo. Ikizunguka ndani ya usumaku, nayo huzalisha volti yake, inayopingana na ile inayotoka ukutani. Kwa sababu ya upinzani huo, jigso ya wati 700 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta kama ampea 3 tu. Sasa ikandamize kwenye ubao mgumu mpaka mwendo upungue: volti ya kupinga inashuka, umeme mwingi unaingia. Joto la nyaya hupanda kwa kipeo cha pili cha umeme huo. Ampea zikiwa mara 2, joto huwa mara 4. Balaa jingine ni kwamba feni ya kupoza imefungwa kwenye mhimili uleule wa rota, hivyo mota inapochemka zaidi ndipo upepo unapopungua. Ile harufu ya kuungua ni vanishi inayotenga waya na waya. Ikiisha, kinachofuata ni kusuka mota upya.

Nini kinapunguza mwendo? Mara nyingi ni bledi butu, na mbao za kwetu hazina huruma. Mtiki, kama unaopandwa Longuza kule Muheza, una chembe za silika, madini yaleyale ya mchanga. Mvule nao huweza kuficha mawe ya chokaa ndani ya shina. Bledi ya chuma cha kawaida, inayokata msonobari wa Lushoto bila shida, huisha makali upesi hapo. Tafuta bimetali: meno yake ni ya chuma kigumu kinachostahimili joto, mgongo ni wa chuma kinachokubali kupinda bila kukatika.

Kupinda nako kuna hesabu yake. Mwaka 1946, Albert Kaufmann, mhandisi wa kampuni ya Scintilla huko Uswisi, alitoa sindano kwenye cherehani ya mkewe akafunga msumeno mahali pake. Jigso ikazaliwa na udhaifu wake: bledi imeshikwa juu tu, chini inaning'inia. Chuma kilichoshikwa upande mmoja, urefu wake ukiwa mara 2, hupinda mara 8 kwa nguvu ileile. Ndiyo maana ubao mnene hukatwa wima juu na mshazari chini, na bledi iliyopinda husugua, na msuguano unaturudisha kwenye joto.

Kwa hiyo dukani usiishie kuiwasha na kusikiliza mlio. Shika kishikio cha bledi ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza ingali mpya, achana nayo. Tazama kama roda, kile kigurudumu kinachoegemeza bledi kwa nyuma, inagusa mgongo wake. Bonyeza kona za bamba la chini, maana bamba jembamba la bati hupinda mashine ikianguka mara moja. Angalia pia kama kaboni zinabadilishika, na kama zinauzwa hapahapa mjini. Chumvi ya upepo wa pwani huvuta unyevu na kuleta kutu, basi baada ya kazi puliza vumbi kwenye matundu ya hewa na utie tone la mafuta kwenye roda.

Kwa kazi za nyumbani, jigso ya wati 600 iliyoshikilia bledi barabara itadumu zaidi kuliko ya wati 900 inayocheza. Chukua hiyo ndogo, chenji inunulie bledi.