Vumbi Lisiloonekana: Kufunga na Kuendesha kwa Usalama Mashine ya Kukusanya Vumbi Katika Karakana ya Seremala

Mgeni afikaye Tabora hupelekwa Kwihara kulitazama tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Wengi huuliza habari za wasafiri hao. Wachache husimama mlangoni kuitazama kazi ya seremala. Mafundi wa zama za misafara walitumia tezo, patasi na msumeno wa mkono. Mabaki ya kazi yao yalikuwa vibanzi na maranda, vitu vizito vilivyoanguka miguuni na kufagiliwa jioni.

Leo seremala wa Tabora ana msumeno wa duara, randa ya umeme na mashine ya kupiga msasa. Mashine hizi zimempunguzia jasho, lakini zimemwongezea vumbi la namna nyingine. Kadiri meno au chembe za msasa zinavyokuwa ndogo na mwendo wake kuwa mkali, ndivyo mbao zinavyosagwa kuwa unga laini zaidi. Mjomba wangu alikuwa seremala mjini humo, na mimi utotoni nilidhani kwamba leso yake ilikuwa nyekundu tangu dukani. Ilikuwa mninga.

Katika makala hii tutaeleza jinsi vumbi la mbao linavyodhuru, jinsi mashine ya kulikusanya inavyofanya kazi, na namna ya kuifunga na kuiendesha ili isije ikawa yenyewe chanzo cha hatari.

Vumbi lipi lina madhara?

Unywele wa binadamu una unene wa kiasi cha maikromita 70. Maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe za vumbi zilizo kubwa kuliko unywele huanguka upesi, na zikiingia puani hukamatwa humo. Chembe zilizo chini ya maikromita 10 hupita pua na koo, na zilizo ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu.

Tufikiri chembe iliyoachwa katika hewa tulivu kwenye kimo cha mita moja na nusu, yaani karibu na pua ya fundi. Ikiwa na kipenyo cha maikromita 10, na uzani wake ukilingana na wa maji ya ujazo huohuo, itafika sakafuni baada ya dakika 8 hivi. Ikiwa na maikromita 2.5, itahitaji zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo fundi aliyezima mashine na kuketi kunywa chai karakanani bado anavuta vumbi la asubuhi, ingawa macho yake hayalioni.

Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. La mvule huleta pumu na kuwasha ngozi. La mkongo huleta chafya nyingi. Yapo madhara makubwa zaidi. Mwaka 1968 madaktari wa Uingereza, miongoni mwao Acheson na Hadfield, walitangaza kwamba saratani ya ndani ya pua ilionekana kwa wingi usio wa kawaida miongoni mwa watengenezaji wa samani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo hauji kesho. Aghalabu huchukua miaka mingi, na ndiyo sababu vijana huudharau.

Hewa kama mpagazi

Mashine ya kukusanya vumbi ina sehemu tano: mdomo unaokaa karibu na msumeno au msasa, bomba, pipa la kutenganishia vipande vikubwa, feni inayozungushwa na mota, na mfuko wa kuchujia. Feni huvuta hewa, na hewa hubeba vumbi.

Wenyeji wa Unyamwezi wataelewa upesi tukiilinganisha hewa na mpagazi. Mpagazi wa msafara alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32. Alipochoka njiani, mzigo uliwekwa chini. Hewa nayo hubeba vumbi la mbao maadam inakwenda kwa mwendo wa kutosha, nao ni kiasi cha mita 20 kwa sekunde. Ikipungua sana, mzigo hutuama bombani, bomba huziba, na hapo patakuwa na akiba ya kuni inayongoja cheche.

Hesabu yake si ngumu. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lina eneo la mita za mraba 0.0177. Tukizidisha kwa mita 20, tunapata mita za ujazo 0.35 kwa sekunde, yaani karibu 1,270 kwa saa. Bomba la sentimita 10 linahitaji 565 tu. Sasa, mtu akiwa na feni ndogo ya mita za ujazo 565 kwa saa akaifungia bomba la sentimita 15 akidhani kwamba bomba pana ni bora, mwendo utashuka hadi mita 9 hivi kwa sekunde, na vumbi litatuama. Bomba halina budi kulingana na feni. Tena kila kona humchosha mpagazi: tumia kona chache zenye mzunguko mpana, na mpira wenye mikunjo uwe mfupi kadiri iwezekanavyo.

Mdomo nao uwe karibu sana na mahali vumbi linapozaliwa. Washa mshumaa, unyooshe mkono, kisha upulize: utazimika. Washa tena, ujaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi: hutaweza. Hewa inayopulizwa huenda mbali kwa mkondo mmoja. Inayovutwa hutoka pande zote. Ukiwa umbali unaolingana na kipenyo cha mdomo wa bomba, mwendo wa hewa umekwisha kushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi.

Mahali pa kuiweka

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona karakana ambazo mashine ya vumbi imewekwa ndani, na hewa iliyochujwa hurudishwa chumbani. Sababu yake ni baridi: hewa hiyo imepashwa moto kwa gharama, hawataki kuitupa. Baadaye niliingia karakana moja ya Tabora iliyofungwa mashine ya namna hiyohiyo. Wenyewe waliifurahia, kwani sakafu ilikuwa safi. Nilipitisha kidole juu ya boriti, kikarudi chekundu. Mfuko ulikuwa wa kitambaa chepesi: ulizuia maranda, ukapitisha unga laini na kuupuliza chumba kizima, kutwa kucha. Mashine ilikuwa imeondoa vumbi ambalo ufagio ungeliondoa, na kulisambaza lile ambalo ufagio hauliwezi.

Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi, lakini hakuna seremala anayewasha moto ili kupasha karakana. Kwa nini basi tuirudishe ndani hewa chafu? Iweke feni na mfuko nje, chini ya paa dogo lisilo na kuta, mbali na mlango, dirisha na jiko. Katika kiangazi pepo za huko huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo upande wa magharibi wa jengo ndio ufaao, iwapo hakuna jirani anayeishi hapo. Hata nje, mfuko uwe wa kitambaa kizito na wenye eneo kubwa: hewa isipite kitambaani kwa mwendo unaozidi mita 2 hivi kwa dakika. Kwa feni ya mita za ujazo 1,270 kwa saa, hilo ni kama mita za mraba 10 na nusu za kitambaa.

Kumbuka pia kwamba hewa inayotoka lazima ipate badala yake. Chumba cha mita 6 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina hewa ya mita za ujazo 90; feni hiyo itaibadilisha mara 14 kwa saa. Acha madirisha ya upande wa upepo wazi.

Umeme na moto

Vumbi laini likitawanyika hewani kwa kiasi cha gramu 50 hivi katika kila mita ya ujazo, ndani ya mahali palipofungwa, likapata cheche, hulipuka. Wingu zito namna hiyo halipatikani kwa kawaida chumbani, bali laweza kupatikana ndani ya mfuko unaokung'utwa au pipa linalojaa. Tahadhari zake ni hizi:

1. Tumia mabomba ya chuma, uyaunganishe yote kwa waya na kuyatia ardhini. Vumbi linalosugua bomba huzalisha umeme tuli, na hewa kavu ya Septemba na Oktoba huuzidisha. Bomba la plastiki halipitishi umeme. Kuligusisha waya mahali pamoja hakutoshi.

2. Pipa la kutenganishia litangulie feni, ili msumari au kipande cha chuma kisipige mapanga ya feni na kutoa cheche. Usifagilie misumari bombani kamwe. Jiwe la kunolea visu vya randa lisiunganishwe na mashine hii.

3. Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni. Mota iwe ya namna iliyofunikwa isiingiwe na vumbi, iwe na kinga ya kuzidiwa mzigo na waya wa ardhi. Ikiwa ni ya nyaya tatu za umeme, hakikisha inazunguka kwa kufuata mshale. Feni ya aina hii ikizungushwa kinyume bado huvuta hewa upande uleule, ila kwa udhaifu. Watu huilaumu mashine miezi mingi, kumbe nyaya mbili zimepishana.

4. Usiijaribu feni bila mabomba. Ikiachiwa hewa tele, mota hubeba mzigo mkubwa zaidi na yaweza kuungua.

Kazi ya kila siku

Washa feni kabla ya msumeno, uizime dakika chache baada ya msumeno. Fungua midomo ya mashine zinazofanya kazi tu. Mwaga pipa kabla halijajaa, baada ya kuzima umeme na kufunga swichi kwa kufuli, vumbi likiwa limetulia. Anayemwaga avae barakoa ya kuchuja ya daraja la N95 au P2, kwani kitambaa cha kawaida hakizuii unga laini. Vumbi liwekwe nje katika chombo chenye kifuniko. Usilirushe jikoni: wingu lake huwaka ghafla usoni. Usijikung'ute nguo kwa hewa ya kompresa. Mara moja kwa juma, pitisha kidole juu ya boriti. Boriti ndiyo mkaguzi wa kweli wa mashine yako.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na mwanafunzi anayejifunza kazi naye astahili kinga hiyo. Fundi asiyemudu mashine aanze na yasiyo ghali: apige msasa nje, upepo ukitoka mgongoni kwake na kupita ubavuni, alowanishe sakafu kabla ya kufagia, na avae barakoa ifaayo.

Zoezi

Feni inavuta mita za ujazo 900 kwa saa. Je, mwendo wa hewa utakuwa kiasi gani katika bomba la sentimita 15? Na katika bomba la sentimita 12.5? Lipi lifaalo? (Jibu: karibu mita 14, na karibu mita 20 kwa sekunde. Bomba la sentimita 12.5 ndilo lifaalo.)

Wapagazi waliopita Tabora walijua uzito wa kila mzigo kabla ya kuuinua. Vumbi tunalolibeba mapafuni halina mizani, wala halitui tufikapo kambini. Kwa hiyo lizuiwe mlangoni, kabla safari haijaanza.