Shilingi Ikikauka Mtaani

Mwenye duka dogo wa Mombasa hahitaji kalenda kujua kwamba mwezi umefika tarehe 20. Daftari la madeni limejaa majina, fundi viatu ameketi na sindano bila kiatu cha kushona, na mahamri yaliyokaangwa alfajiri bado yamo kwenye sinia saa tano. Wenye njaa wapo na wenye ujuzi wapo. Shilingi ndiyo haipo. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa Bangladesh, mtaa wa mabanda ulioko Mombasa na si nchi ile ya Asia, waliunda hati zao za kubadilishana bidhaa na kuziita Bangla-Pesa. Tangu hapo watu hawajaacha kuuliza.

Mtaa uliojaa wachapakazi unakaukiwaje na pesa?

Shilingi huingia mtaani kwa milango michache: mshahara wa kiwandani, kibarua cha mjengo, pesa ya ndugu iliyotumwa kwa simu. Kutoka ina milango mingi. Kuna kodi ya mwenye nyumba anayeishi kwingine, nauli, unga na mafuta ya duka la jumla, riba, makato ya kutuma na kutoa. Mara nyingi hutoka kabla haijapita mikononi mwa majirani wawili.

Hali hii ina historia yake, na haikuletwa na mvua wala jua. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba Tanganyika mwaka 1897, Waingereza wakafuata mwaka 1901 upande wa Kenya. Kwa kuwa kodi ilidaiwa kwa rupia, fedha ya wakati ule, mtu mwenye mtama ghalani na mbuzi zizini alijikuta fukara mbele ya mtoza kodi, akaenda kutafuta rupia kwenye shamba la mlowezi. Uhaba wa pesa ulipangwa na watu. Kwa hiyo watu wana haki ya kuuliza kama unaweza kupangwa upya.

Hati hizo zilifanyaje kazi?

Aliyejiunga alidhaminiwa na wanachama wenzake, akapewa hati za thamani sawa na shilingi mia kadhaa. Sehemu alizitumia mwenyewe, sehemu ikaenda kwenye kazi za jamii kama usafi wa mtaa. Hakuna aliyeweka akiba ya shilingi nyuma ya hati hizo. Kilichoibeba hati ni ahadi ya kila mwanachama kuipokea kwa bidhaa au kazi yake.

Mfuate mama wa mahamri asubuhi moja. Anahitaji mitungi miwili ya maji na shilingi hana, basi anampa mwenye mkokoteni hati. Huyu ana kandambili zilizokatika, anaipeleka kwa fundi. Fundi hajanywa chai tangu aamke, naye anakuja na hati ile ile kibandani kwa mama kununua mahamri manne. Maji yamechotwa, kandambili zimeshonwa, mahamri yameliwa, na hakuna deni lililobaki. Bila hati, wote watatu wangeshinda wakitazamana.

Mbona basi watu walikamatwa?

Zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu hati zianze kutumika. Mwishoni mwa Mei 2013 polisi waliwakamata watu sita, akiwemo mwanzilishi Will Ruddick, mwanafizikia wa Kimarekani, wakashtakiwa kwa kughushi. Siku zile Pwani ilikuwa na wasiwasi, na hati hizo zikahusishwa na Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge. Agosti mashtaka yaliondolewa. Benki kuu ina wajibu halali wa kulinda shilingi, lakini inauma kwamba watu waliojaribu kuuziana maji na mahamri walionja seli kabla ya kuulizwa wanafanya nini.

Si wazo la kizungu hili?

Wadigo na Waduruma wana mweria: leo kundi zima linalima shamba la mmoja, kesho la mwingine, na asiyefika anajulikana. Wapare wana msaragambo, Wakikuyu wana ngwatio. Kina mama wa upatu wamezungusha pesa bila benki miaka mingi. Kilichoongezwa ni karatasi tu, inayowezesha deni la jirani kupita kwa mtu wa tatu.

Ulaya nayo imepitia njaa hii ya pesa. Mwaka 1932 mji mdogo wa Wörgl nchini Austria, wakati viwanda vimefungwa, ulitoa hati zilizopungua thamani kwa asilimia 1 kila mwezi ili mtu asizifungie kabatini. Barabara zilitengenezwa na daraja likajengwa, hadi Benki Kuu ya Austria ilipozipiga hati hizo marufuku mwaka 1933. Uswisi ilikuwa na subira zaidi. WIR, mtandao wa wafanyabiashara ulioanzishwa mwaka 1934, ni benki hadi leo.

Hati hukwama wapi?

Kwa mwenye duka. Kila mtu anataka unga wake, hivyo jioni amejaa hati, na lori la duka la jumla halipokei chochote ila shilingi. Akilemewa ataanza kukataa, na akikataa yeye habari inafika mtaa mzima kabla ya magharibi. Ndiyo maana wenye maduka huhitaji kuwekewa kiwango: hati kwa sehemu ya bei, shilingi kwa iliyobaki. Tena hati hailipi kodi ya nyumba, karo, wala dawa ya hospitalini. Anayeinadi kama mwisho wa umaskini anawadhulumu wanaomwamini. Mshahara wa haki bado unadaiwa mahali pake.

Kuhamia kwenye simu kumesaidia?

Kumezipeleka hati mbali. Hati za karatasi zilizaa mfumo wa simu uitwao Sarafu, na wakati wa korona Msalaba Mwekundu wa Kenya uliutumia Mukuru jijini Nairobi na Kinango huko Kwale. Kati ya mwanzo wa 2020 na katikati ya 2021 ulitumiwa na watu kama 40,000. Lakini pale Bangladesh mtu alimjua mdhamini wake kwa jina. Namba ya simu haina uso, na kazi ya kuujenga uaminifu ule bado inafanywa kwenye vikao vya vikundi chini ya mwembe.

Kikundi kinachotaka kujaribu kianzie wapi?

Kianze na wakili, kabla hata ya kuchagua jina. Kisha wanachama wakae na daftari lenye safu mbili: kila mmoja aandike anachouza, na anachonunua kila wiki humu humu mtaani. Mistari ichorwe kutoka kwa mnunuzi hadi kwa muuzaji. Ikionekana kwamba mistari yote inaishia dukani na hakuna hata mmoja unaotoka dukani kurudi kwa wengine, karatasi isichapishwe kwanza. Atafutwe mtu ambaye mwenye duka anamhitaji: mshonaji, mlezi wa watoto, fundi wa paa.