Faraja Inayoshonwa kwa Mkono



Mazishi yakiisha, wageni hurudi makwao na upweke wa mjane huanza. Mume humtumia mamake pesa kila mwezi, akaona ametimiza wajibu wake. Mke naye huona kwamba kazi ya kumtembelea mama mkwe ameachiwa yeye peke yake. Manung'uniko huanza chumbani, na mara nyingi mama hujua hata asipoambiwa. Mwezi huu tuzungumzie zawadi ambayo mume na mke wanaweza kumtengenezea pamoja: blanketi la viraka lililoshonwa kwa nguo za marehemu baba.

Kwa nini nguo?

Pesa za dawa na unga ni lazima, na ziendelee. Lakini kiraka cha shati ambalo mama alilifua miaka mingi humwambia kwamba kuna watu walioketi wakamfikiria. Katika Matendo ya Mitume 9:36-42 twasoma habari za Tabitha wa Yopa. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea. Kazi ya mikono yake ndiyo waliyoikumbuka.

Anzeni kwa kuuliza

Nguo za marehemu hazikatwi ovyo. Katika jamii zetu nyingi upo utaratibu wa nani azipate na lini zigawanywe. Mume azungumze na mama mwenyewe, kisha na ndugu zake. Mke asifungue sanduku la mama mkwe akiwa na makasi mkononi. Mama akisema bado, ngojeni. Wapo wafiwa wanaofarijika kwa kuziona nguo hizo, na wapo wanaoumia. Akikataa, shoneni kwa leso na mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi.

Namna ya kushona

1. Fueni nguo zote kwanza na mzipige pasi. Chagueni za pamba. Zinazochuja rangi ziwekeni kando.

2. Kateni karatasi ngumu ya mraba, sentimita 17 kila upande, iwe kipimo chenu. Mshono utachukua sentimita 1 kila upande, na kiraka kitabaki sentimita 15.

3. Viraka 10 kwa upana na 13 kwa urefu, yaani 130, vitatoa blanketi la sentimita 150 kwa 195. Nguo zisipotosha, ongezeni leso.

4. Shoneni mstari mmoja mmoja, kisha muunganishe mistari yote.

5. Tandazeni shuka chini, blanketi kuukuu jepesi katikati, na viraka juu. Kila mahali viraka vinne vinapokutana, pitisheni uzi mzito hadi chini, urudi juu, mfunge fundo mara mbili. Shuka iwe kubwa kidogo, ili mkunje ukingo wake juu na kuushona kuzunguka.

Mume naye ashike kazi

Wengine watasema sindano ni ya wanawake. Mbona mafundi wengi wa cherehani sokoni ni wanaume? Asiyejua kushona aweza kupima, kukata na kupiga pasi. Tena yeye ndiye ajuaye habari za kila shati: hili baba alilivaa shambani, lile alilivaa siku ya harusi yetu. Wengi wetu wanaume tulifundishwa kwamba kulia ni aibu. Mikono ikiwa kazini, mdomo hufunguka, na mke husikia huzuni ambayo mumewe hajaitamka. Hapo yeye mwenyewe aanza kufarijiwa kabla blanketi halijafika kwa mama.

Siku ya kulipeleka

Nendeni wote wawili. Msilitume kwa matatu. Kaeni, mnywe chai, mumwache mama azungumze au anyamaze. Akilikunja na kulifungia sandukuni, msimuulize kwa nini halitandiki. Litakuwa lake, na atalitoa siku atakapolihitaji.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani katika jamaa yetu aliyefiwa, nasi tumemwachia pesa peke yake?

2. Je, mzigo wa kuwatembelea wazazi tunaubeba sote wawili?

3. Mwenzangu ana huzuni gani ambayo sijawahi kumuuliza?