Kitufe Kimoja, Maswali Mawili

Kompyuta mpakato za mtumba haziji zote na kibodi moja. Ya Ujerumani ina Z palipo Y yetu, na Y palipo Z. Ya Ufaransa ina A mahali pa Q. Mnunuzi wa Kariakoo anatazama bei na betri, kibodi ataizoea. Wewe unayeandika programu ya kuhariri maandishi kwenye kivinjari ndiye wa kuhangaika.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Jamaa yangu anauza spea Gerezani, na kihariri changu ndicho alichoandikia bei, kwenye mashine ya Kijerumani. Akafuta mstari kwa bahati mbaya, akabonyeza Ctrl na Z. Kimya. "Bwana, hii programu yako haisikii?" Ilisikia, ila ilisikia Y. Nilikuwa nimesoma `event.code`, inayotaja mahali kitufe kilipo. Nilitakiwa nisome `event.key`, inayotaja herufi iliyotoka. Amri ambayo watu huikumbuka kwa herufi isome kwa `key`, na uigeuze kuwa herufi ndogo kwanza, maana Caps Lock ikiwa imewashwa utaletewa Z kubwa. `code` waachie wenye michezo.

Maandishi yenyewe usiyaokote kwenye `keydown` hata kidogo. Kwenye simu za Android, tukio hilo mara nyingi huja na namba 229 tu, bila herufi, kwa kuwa kibodi bado inakisia neno. Sikiliza `beforeinput`: `inputType` itakwambia aina ya badiliko, mfano `insertText` au `deleteContentBackward`, na `data` itakupa herufi zilizoingia.

Kisha kuna balaa letu wenyewe, ng'. Vihariri vya msimbo hupenda kufunga alama ya nukuu pindi unapoifungua. Andika ng'ombe, unabaki na ng'ombe' yenye mkia. Dawa ni fupi: kabla ya kuongeza alama ya pili, tazama kilicho nyuma ya kasa (cursor). Kikiwa herufi, weka moja tu. Na kwenye utafutaji, ’ iliyopinda (U+2019) na ' iliyonyooka (U+0027) zihesabu kitu kimoja, la sivyo ng'ombe aliyeandikwa kwenye simu hatapatikana kwenye kompyuta.

Kabla hujamkabidhi mtu programu, mwombe aandike "ng'ang'ania" kwenye simu yake, afute, kisha arudishe. Wewe kaa pembeni, usimwelekeze.