Kupita haraka dirisha la pasipoti KIA

Swali: Msafiri wa Arusha anayekwenda nje afanye nini asikwame uhamiaji?

Jibu: Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) uko kilomita zipatazo 50 kutoka Arusha mjini, na mara nyingi kinachomkwamisha mtu dirishani ni makaratasi yake mwenyewe. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018, ina chipu yenye taarifa za mwenyewe. Ikivuliwa kava na kufunuliwa ukurasa wa picha, ofisa huiweka kwenye mashine bila kuhangaika. Viza, tiketi ya kurudi na kadi ya njano ya chanjo vikae kwenye mkoba wa mkononi. Nchi nyingi hukataa pasipoti iliyobakiza chini ya miezi 6 kuisha. Tarehe ya pasipoti kuisha ikaguliwe kabla ya kukata tiketi.